Muhuri wa Mapema

Nimechoka, na nasema mapema ili mtu asije akadhani naanza kulalamika baadaye. Miaka kumi na moja ya uenyekiti wa mtaa huu wa Chapwa, mshahara wake ni mlango kugongwa. Unakula, hodi. Unaoga, hodi. Una homa umejifunika blanketi mbili, hodi mama mwenyekiti, tunajua upo.

Nilipoanza tulikuwa na nyumba themanini na mahindi katikati. Nilijua nani ana mbwa mkali na nani kanuniana na mkewe. Mtu akihamia, nilimtembeza mwenyewe mlango kwa mlango: huyu jirani yenu mpya, ana watoto watatu, mpokeeni. Nikishamaliza ndipo namwandikia barua yake ya utambulisho. Siku hizi foleni ya malori ya kuvuka mpaka inafika Mpemba, nyumba za wageni zimejaa hadi pale tulipokuwa tunachungia mbuzi, na kila asubuhi barazani kwangu wapo watu kumi na tano. Huyu anataka barua ya benki, yule ya kitambulisho, yule ya dhamana. Naandika "ninamfahamu", na mtu mwenyewe ndiyo kwanza namwona. Haya, mji unakua.

Mwaka huu nikachukua fomu ya udiwani. Msinicheke. Miaka yote hiyo nilikuwa nakwenda halmashauri kuomba bomba la maji, naambiwa mama njoo Jumatatu. Nikasema basi, na mimi nikakae ndani kule, niwe nawaambia wenzangu njooni Jumatatu. Huo ni utani wangu tu. Ukweli ni kwamba niliutaka udiwani, niliutaka mno, kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nizae.

Sasa kura za maoni za chama zina kazi yake. Wajumbe wanafuatwa mmoja mmoja. Unakaa, unakunywa chai, unasikiliza habari za mgongo na za mkwe mbaya, unaondoka, unaingia nyumba nyingine, chai tena. Huku nyuma foleni barazani inazidi na watu wameanza kuninunia. Nikafanya ujinga. Jumapili moja baada ya ibada nilikaa mezani nikapiga muhuri na kutia sahihi karatasi hamsini, tupu kabisa, nikampelekea Ketrina.

Ketrina ana duka linalotazamana na nyumba yangu. Nilimtembeza kwa mkono wangu alipohamia na mumewe kutoka Igamba, binti yao Ruti akiwa darasa la tano. Mume alipofariki tukawa ndugu. Ananiita dada, na nikiugua ndiye anayenipikia uji.

"Akija unayemjua, mjazie," nikamwambia. "Usiyemjua, anisubiri mimi."

"Dada, hizi karatasi zinanitisha."

"Kwani zina meno?"

Nina mdomo, najijua.

Wiki mbili hazikupita. Jumatano Mzee Osea akarudi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikokuwa kwa binti yake miezi miwili akitibiwa macho. Ana kishamba chake cha maharage, ndicho pekee kilichobaki katikati ya nyumba zetu. Akakuta kimechimbwa msingi na tofali zimepangwa. Akaja moja kwa moja kwangu na fimbo yake.

"Mwenyekiti, nimekufa?"

"Mzee wangu, maneno gani hayo?"

"Nauliza tu. Maana shamba langu limeuzwa, na mimi nahisi bado napumua."

Aliyenunua ni Othmani, muuza vipuri vya malori, mtu wa Tanga, mpole hata ukimkanyaga anakuomba radhi. Alitoa barua aliyopewa na dalali mmoja anaitwa Boazi. Barua inasema uongozi wa mtaa unathibitisha kuwa Boazi ndiye mwenye shamba. Mwandiko sikuujua, lakini muhuri ulikuwa wangu na sahihi ilikuwa yangu. Palepale nikajua karatasi ile imetoka kaunta ya Ketrina. Boazi mwenyewe alishavuka mpaka na simu haipatikani.

Alhamisi tukaitwa kwa mtendaji wa kata. Mzee Osea huku, Othmani kule, askari mmoja pembeni. Mtendaji akaweka barua mezani.

"Mama mwenyekiti, muhuri huu ni wako?"

Kura ilikuwa Jumamosi. Niliwaona wajumbe wangu wote, chai zote nilizokunywa, bomba la maji, halafu nikaona mshindani wangu anavyocheka. Nikafungua mkoba.

"Wangu huu hapa, hautoki mkononi mwangu. Huo wameghushi."

Othmani akasema kwa upole kwamba Boazi alimwambia barua kaipata dukani kwa Mama Ruti. Askari akaandika. Hapo ndipo pa kusema, jamani, na nafasi nilikuwa nayo, kwa sababu yule askari aliandika polepole. Nikarudisha muhuri mkobani. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, na bado nikanyamaza.

Ketrina akachukuliwa alasiri ile ile, unga wa mahindi ukiwa bado mikononi. Mimi nilikuwa kwa mjumbe, kikombe cha tatu. Akanipigia Gasper, anayesimamia kampeni yangu.

"Mama, mambo yamenyooka! Amekiri. Kasema aliuiba muhuri wako siku uliyokuwa kwaya, akazipiga mwenyewe karatasi. Wewe umetakata. Jumamosi ni yetu!"

Nikasema asante. Hebu fikiria, mtu mzima na mvi zangu, nikasema asante.

Ijumaa asubuhi, hodi. Ruti, na mtoto mgongoni. Sasa naye ni mama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Polisi wanasema naweza kumdhamini mama, ila wanataka barua ya mwenyekiti kwamba mimi ni mkazi na nafahamika."

"Nakuandikia sasa hivi." Nikaanza kupekua mezani kutafuta karatasi.

"Mama amesema usisumbuke."

Akaingiza mkono chini ya kanga ya mtoto, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Tupu, na chini yake muhuri wangu na sahihi yangu.

"Ile ya Boazi aliichomoa mwenyewe kaunta mama akipima mchele. Zilibaki thelathini na moja," akasema Ruti. "Aliniagiza nizichome kabla askari hawajaja kupekua duka. Nimezichoma jikoni, nikaivishia maharage. Alisema nibakize moja tu ya dhamana, wewe ujaze."

"Ruti, unajua karatasi hii ni nini?"

"Najua."

"Ungewapelekea askari jana hiyo hiyo, mama yako angerudi nyumbani."

"Nilimwambia. Akanigombeza mbele ya watu. Akasema dada yake ametembea kwa miguu mtaa huu miaka kumi na moja, asije akaangushwa na karatasi."

Nikalia. Si kutoa machozi kistaarabu, nililia kwa sauti kama niko msibani, mpaka mtoto wa watu naye akaanza mgongoni kule. Ruti akambembeleza mwanawe, akanitazama, wala hakuniambia pole. Alikuwa na haki yake. Simu ikaita mezani, Gasper. Ikakata, ikaita tena. Alitaka tufanye mazoezi ya zile dakika tatu nitakazopewa kesho kuomba kura.

Nikachukua kalamu. Nikaandika:

"Mimi Yunisi Silwimba, mwenyekiti wa mtaa, nathibitisha kuwa Ketrina ninamfahamu. Hakuiba muhuri. Muhuri nilipiga mimi kwenye karatasi hamsini tupu, nikamwachia dukani, kwa sababu nilikuwa nazunguka kutafuta kura. Barua ya Boazi ni mojawapo. Jana nilipoulizwa nilisema uongo. Boazi hana shamba hapa. Shamba ni la Mzee Osea."

Nilipofika chini nikatafuta pa kutia sahihi. Ilikuwapo tayari.

Ruti aliisoma polepole, midomo inacheza.

"Mama mkubwa, hii si ya dhamana."

"Si ya dhamana."

"Na kesho?"

"Kesho nitalala hadi saa nne. Twende, kabla sijabadilika."

Sikusema hivyo kwa ushujaa. Nilijua nikikaa tena kwenye kiti kile sitainuka. Nikavaa ndala, nikautia muhuri kwenye mkoba, nikafungua mlango.

Barazani walikuwa wamejaa kama kawaida. Mama mmoja mwenye kikapu akaniwahi, sura yake ngeni kabisa kwangu.

"Mama mwenyekiti, mimi yangu imeshaandikwa yote. Ni muhuri tu, dakika moja."

Nikamtazama, nikawatazama wote, watu wa mtaa wangu nisiowajua.

"Rudini Jumatatu," nikawaambia. "Mtamkuta mwingine. Mwambieni awatembeze kwanza."