Kifua cha Uweso

Msumeno ulikuwa umefika katikati ya bati la asbesto, na vumbi jeupe limemkaa Uweso kutoka nyusi hadi midomo, nyapara Hatibu alipomshika ukosi na kumng'oa pale.

"Daktari anakuja kusikiliza kifua cha mkataji. Wewe, stoo!"

"Mkataji si ndiye mimi, Bwana Hatibu? Nataka anisikilize, aniambie kama hili vumbi..." Kikohozi kikamkata kauli. Hatibu akamzaba kofi.

Askari wawili wa lango wakamburuta mpaka stoo ya saruji, wakamfunga mikono na kinywa kwa vipande vya gunia, wakakomea mlango.

Kisha Hatibu akamgeukia Asheri, kijana kutoka Maramba aliyeandikwa kazi juzi tu kubeba mchanga kwenye ujenzi huo wa ghala, hapo mtaa wa Usagara.

"Wee mtu wa shamba, una kifua kama fahali. Leo jina lako Uweso. Ukiulizwa, umekata mabati haya tangu vita viishe."

"Vita vinaisha mimi nachunga mbuzi, bwana."

Vibarua wakacheka. Fimbo ya Hatibu ikamshukia Asheri begani, kicheko kikafa.

Daktari, Mzungu mwembamba, akaja na meneja. Akabandika kipimo kifuani mwa Asheri.

"Pumua, Uweso."

Asheri akapumua.

"Safi. Kifua kizima kabisa."

Stoo ikatoa kishindo, kisha kingine, kama mtu anayegonga mlango kwa kichwa. Asheri akaona haya. Alipofika mjini hana pa kulala, Uweso ndiye aliyemtandikia mkeka chumbani kwake Makorora.

"Bwana daktari, mimi si Uweso," akasema. "Uweso ndiye huyo anayegonga."

Daktari akamtazama meneja.

"Pombe," meneja akasema, akicheka. "Hawa wanaamka nayo."

Daktari akautazama mlango wa stoo kitambo, akakunja mipira ya kipimo chake, akapanda gari.

Vumbi la gari halijatua, Hatibu alikwishamwangusha Asheri. Alimchapa mpaka fimbo ikavunjika. Askari wakamalizia kwa buti. Jino likamtoka kijana likabaki mchangani. Ndipo stoo ikafunguliwa. Uweso akatoka anapepesuka, paji limepasuka, gunia la kinywani limelowa damu.

"Daktari kasema Uweso mzima," meneja akatamka. "Basi akate."

Askari wakamfungua mikono na kinywa, Uweso akaushika msumeno. Meno ya chuma yakateleza juu ya bati. Asheri akajivuta kwa viwiko mpaka pale, akapanda juu ya bati, akakaa panapopita msumeno.

"Toka, mwanangu. Watakuua hawa."

"Sitoki, baba. Wakitaka likatwe, nikatwe nalo."

Vibarua wakaacha kupiga koleo. Hatibu akaokota ubao wenye misumari. Uweso akamwona anavyokuja. Akautua msumeno chini, akapanda juu ya bati, akakaa ubavuni mwa Asheri.