Ukali wa Damu ya Kipruto

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema Daktari Osoro, akiigeuza mikono ya Chelimo chini ya taa ya kliniki yake pale Litein. Ngozi ilikuwa imekaza kama ya ngoma, na mdomo wa msichana ulikuwa mkavu hata ugali haukupita bila maji.

"Sikuuliza kama umeona," Janeffer, mama yake, alijibu. "Nauliza nani ameona."

Daktari alicheka, kisha akagundua kuwa mama huyu hachezi. Akamtolea majarida mawili ya kitabibu yaliyokuwa yakizuia mlango usijifunge.

Janeffer alikuwa na diploma ya kilimo na kazi ya kuwashauri wakulima wa majani chai. Udaktari hakuujua, lakini alijua kila makala ina mwandishi, na mwandishi ana anwani. Mwaka huo wa 1996 kiwanda cha chai kilikuwa na mashine ya faksi, na karani aliyeilinda alimwogopa. Akatuma barua kumi na moja. Binti wa miaka kumi na tisa. Saratani ya damu. Alipandikizwa uboho wa kaka yake huko Uingereza miezi kumi na minne iliyopita. Saratani haijarudi, lakini ngozi, macho na mdomo vinaharibika. Tarehe, vidonge, vipimo. Hakuweka hata neno moja la kuombea huruma. Hospitali iliyompandikiza ilikuwa imeshasema waongeze vidonge, na vidonge vilimvimbisha uso tu.

Majibu yalikuja matatu. Wawili walisema pole. Wa tatu, profesa wa mji mwingine kulekule Uingereza, aliandika kwamba anajaribu dawa mpya kwa wagonjwa wa namna hii, na nafasi mbili zimebaki. Kwanza alitaka damu ya mgonjwa na ya mtoaji ifike maabara Nairobi kabla ya Ijumaa.

Mtoaji alikuwa Kipruto, kaka yake Chelimo. Na Kipruto hakuwa nyumbani.

Hapo kosa lilikuwa la Janeffer mwenyewe. Miezi miwili nyuma, Kogo, mama mkwe wake, aliuliza ni nani anamloga mtoto. Janeffer hakuwa na subira na mambo ya uchawi. "Hakuna mchawi. Ni uboho wa Kipruto unaomshambulia. Mgeni amemgeukia mwenye nyumba." Akaona amefafanua vizuri. Kipruto alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Aliiweka chini polepole. Tangu siku hiyo hakugusa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, ya nyumbani, maana aliyemwaga damu ya ndugu yake hanywi naye kibuyu kimoja. Wiki iliyofuata akaenda kukata miwa upande wa Fort Ternan.

Jumanne Janeffer alimfuata. Alimkuta kando ya shamba, amekonda, panga magotini.

"Nimekuja kuchukua damu yako," alisema, hata salamu hakutoa.

"Ile ya kwanza haijatosha, Mama? Mnataka immalize kabisa?"

Maneno makali yalikuwa tayari ulimini. Janeffer akayameza, akaketi juu ya miwa na sketi yake ya kazini.

"Yule mbwa wetu Taiga alipomng'ata Kogo, tulifanya nini?"

"Tulimfunga mchana."

"Mbona hatukumuua?"

"Si ndiye aliwafukuza wezi wa ng'ombe?"

"Basi. Damu yako ni hiyo. Inang'ata wa nyumbani, ndiyo. Lakini profesa anasema ukali huohuo huenda ndio umeizuia saratani isirudi. Hatutafuti wa kumuua mbwa. Tunatafuta mwenye mnyororo."

Kipruto alichora ardhi kwa ncha ya panga. "Na huyo profesa anao?"

Hapo uongo ungemrahisishia kazi. "Sijui. Anajaribu. Wengine hupewa dawa mpya, wengine ya zamani, kama kura. Labda asimkubali kabisa."

"Wewe hujui kudanganya. Ndiyo shida yako."

"Ile siku nilisema vibaya," Janeffer alisema. "Nilisema nusu, na nusu ile ikakufukuza."

Kipruto alimtazama kana kwamba ameona ng'ombe akipanda ngazi. Kisha akaenda kumrudishia mwenye shamba panga.

Asubuhi ya Jumatano Chelimo aliosha kibuyu kipya kwa maji moto, akatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu madaktari walimkataza mursik.

"Maziwa ya hospitali ndani ya kibuyu!" Kogo alilalamika. "Wazee wangetuona!"

"Wazee hawakupandikizwa, Kogo."

Chelimo akanywa kwanza, kwa taabu, kidogo kidogo, akampa kaka yake. "Shika. Mimi ndiye nimeng'atwa na sikukimbia. Wewe unakimbia nini?"

Kipruto alikishika kibuyu kwa muda mrefu. Akanywa. Kisha akafuta mdomo na kukunja mkono wa shati.

"Daktari anafungua saa ngapi?"

"Ameshafungua," alisema Janeffer, ambaye tayari alikuwa amevaa viatu. "Maliza twende."