Stendi ya Kumpigia Picha Marehemu Edvin

Jumanne moja ya Desemba, saa kumi na moja jioni, giza likiwa limekwisha kuingia tangu mchana, Ragnfrid alikuwa jikoni kwake Skarvnes akitoa miiba ya samaki aliposikia nyundo. Akanawa mikono, akavaa koti, akatoka nje. Juu ya nyumba ya sala nuru ya kaskazini, ile ichezayo angani usiku wa baridi, ilikuwa imetanda kijani kibichi, na ndani yake mumewe, marehemu Edvin, amepiga magoti anapigilia paa.

Edvin alikuwa na miaka mitatu kaburini. Kila nuru ilipotoka naye alitoka, kavaa sweta yake iliyotoboka viwiko, ambayo Ragnfrid alijuta kumzika nayo kabla ya kuishona. Kando yake, ndani ya nuru hiyohiyo, Torleif alikuwa amelala kitandani anakunywa kahawa. Torleif hakuwa amekufa. Alikuwa mwenyekiti wa nyumba ya sala, mzima wa afya, na dakika ile ile alikuwa mlangoni pake akizoa theluji kwa koleo. Lakini nuru huonyesha mambo yalivyokuwa, haijali nani yu hai na nani kafa.

Na mambo yalikuwa hivi. Paa lile Edvin alilijenga peke yake, kiangazi kizima. Torleif alipanda ngazi siku ya kwanza, akateguka mguu kwenye kipandio cha pili, akaenda kulala. Kazi ilipokwisha, kibao cha shaba kilitokea mlangoni: PAA HILI LIMEJENGWA NA TORLEIF KWA UTUKUFU WA MUNGU. Ragnfrid alikipita kila Jumapili. Kwa utukufu wa Mungu hakuwa na neno. Ile sehemu ya mbele ndiyo iliyomkaa kooni.

Kijiji kizima kilikuwa kikiyaona ya juu ya paa, na mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, alipolileta jambo lake kwenye mkutano wa mwaka uliopita, Torleif alimjibu kwa upole.

"Dada Ragnfrid, nuru si ushahidi. Leo ipo, kesho haipo. Tuletee picha, tutakiondoa kibao. Ila iwe picha iliyotulia."

Picha alikuwa nazo, lakini nuru hutaka kamera iache jicho wazi sekunde nane bila kutikisika. Alikuwa ameiweka kamera juu ya nguzo ya ua, upepo ukaitikisa nguzo. Akaiweka juu ya bega la Gudny, wifi yake. Edvin akatoka kama samaki aliyetundikwa akauke.

"Wifi, mimi ndugu yake wa tumbo moja, na simtambui," Gudny alisema.

"Ungeacha kupumua tungemtambua."

"Niache kupumua ili unipige picha na mimi huko juu?"

Basi ikawa hapana budi kununua stendi ya kamera. Iwe nyepesi, maana ili nyumba ya sala ienee yote pichani lazima upande kilima, na goti la Ragnfrid lilikuwa goti la mtu mzima. Tena iwe ya bei nafuu, maana pensheni ya mjane haina mbwembwe. Wakapanda basi, wawili hao, wakaenda Tromsø.

Muuzaji aliitwa Sindre, mwanamume wa ndevu nyingi na subira. Stendi ya kwanza aliyowaonyesha ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza.

"Hii ndiyo nyepesi kuliko zote."

"Mbona umeifunga kama ndama?" Gudny akauliza.

"Tukiifungua inapaa." Akaonyesha darini, ambako mbili zilikuwa zimetulia katikati ya taa. Kisha akataja bei. Gudny akatafuta pa kukaa.

"Kwa bei hiyo," alisema, "ingenibeba na mimi."

Ya pili ilikuwa ya chuma, imesimama katikati ya duka. Hiyo haitikisiki kabisa, Sindre aliwaeleza. Duka lilijengwa kuizunguka. Ragnfrid alijaribu kuisukuma kwa kiganja, halafu kwa nyonga, kisha akaomba radhi.

Ya tatu ilikuwa kwenye kapu karibu na mlango. Ikikunjwa ilikuwa na urefu wa mkono hadi kiwiko, uzito wake kama mkate, na bei yake ilikuwa ndogo hata ikatia shaka.

"Imerudishwa mara nne," Sindre alisema. Alikuwa mkweli. "Inaogopa baridi. Ikikanyaga theluji tu, inakunja miguu."

"Walioinunua waliivalisha soksi?" Ragnfrid aliuliza.

Sindre akafikiri. "Sidhani."

"Watu wa kusini hao," Gudny akasema, na hakuna aliyembishia.

Kabla hawajatoka Sindre akawapa mawaidha: shingo ya katikati wasiivute juu, hapo ndipo stendi nyepesi huyumba; chini watundike mfuko mzito wa kuituliza; na kamera waiache ijihesabie yenyewe kabla ya kupiga, maana hata kidole hutikisa.

Nyumbani Ragnfrid alifuma soksi mbili za sufu, kwa mazoea, halafu akakumbuka akafuma ya tatu. Stendi ilivishwa, ikawekwa juu ya theluji, ikasimama. Tatizo likabaki kwenye viungo, vilivyokuwa vikilia. Skarvnes kila chenye mifupa dhaifu hupewa mafuta ya ini la samaki, kijiko kila asubuhi, tangu majani yanapopukutika hadi Pasaka. Ragnfrid akaipa stendi kijiko kwa kila kiungo. Sindre hakuwa amemkataza, kwa kuwa alilelewa mjini na hakujua kuwa jambo hilo lahitaji kukatazwa.

Stendi ikaanza kukua. Krismasi ilipofika ilikuwa imempita Ragnfrid kichwa, na soksi za stendi ziliishia magotini.

"Umeizidishia, wifi," Gudny alisema.

"Ni kijiko kilekile nilichowapa wanangu."

"Na mwanao Hallvard si anaingia ndani kwa kuinama?"

Uzito haukuongezeka, ashukuriwe Mungu. Jioni nuru iliporudi, waliipandisha kilimani wakatundika chini yake mfuko wa viazi. Ragnfrid akapanda juu ya kiti cha kuteleza kwenye theluji, Gudny akikishikilia kisiondoke, akaitazama kamera. Edvin alikuwa anapiga nyundo kwa bidii.

"Edvin!" akaita. "Tulia kidogo, baba!"

Edvin akatulia, misumari mdomoni. Kitandani Torleif naye akatulia, kama alivyozoea. Kamera ikahesabu, ikafumbua jicho, ikafumba. Kwenye picha yalionekana hata matundu ya viwiko, na maua ya blanketi.

Mkutano wa mwaka ulifanyika nyumba ya sala, kwa kahawa, jamu na mkate wa kubanwa kwa chuma cha moto. Picha ilipita mkono kwa mkono. Torleif akavaa miwani.

"Ndimi huyu," alisema. "Blanketi hili ninalo mpaka leo."

Hakuna aliyebisha. Ikapigwa kura ya kuondoa kibao, na mikono yote ikanyooshwa, wa Torleif ukiwemo. Ragnfrid aliinamisha kichwa akashukuru kimoyomoyo. Wanaume wawili wakaleta mtaimbo wakaanza kazi. Mlango ukalia. Mtaimbo ukapinda. Wakaleta mwingine, nao ukapinda. Kibao hakikusogea hata unywele.

"Nani aliyekipigilia hiki?" mmoja akauliza huku anahema.

Torleif akavua miwani.

"Edvin," Torleif alisema. "Nilimwomba. Mguu ulikuwa bado unauma."

"Aa," wakasema wote, kwa heshima. Kazi ya Edvin ilijulikana pwani nzima.

"Basi, ndugu zangu," Torleif akasema, "tusivunje mlango wa Bwana." Ikaonekana ni busara. Kikao kikaendelea. Swali lililofuata lilitoka viti vya nyuma: dada Ragnfrid hiyo stendi kainunua wapi, na je, ni nzito? Wakauliza pia sufu ya soksi ni ya kondoo yupi. Ikakubaliwa nyumba ya sala inunue yake. Torleif akaomba nakala ya picha, ikiwezekana kubwa.

Ragnfrid alitoka nje. Nuru ilikuwa imetanda, na Edvin alikuwa kazini juu ya paa, amekwisha kumaliza upande wa bahari.

"Edvin," alimwambia, "katika maisha yako yote, hukuweza kupigilia hata kitu kimoja vibaya?"

Edvin akajikuna kisogo kwa nyundo. Alikuwa mtu ambaye akiona haya hufanya kazi. Akatoa msumari mdomoni, akaupima kwa jicho, akaugonga taratibu mpaka ukaingia sawasawa. Ragnfrid akakaza skafu shingoni akabaki amesimama pale chini, kwa sababu haikuwa vizuri mtu afanye kazi yote ile bila hata mmoja wa kumtazama.