Mita Mbili na Nusu

Wanawake waliokuwa wakideki kanisa la kigango cha Kapalamsenga walidhani Mzee Alois anafanya Njia ya Msalaba. Alitembea, akasimama, akanong'ona, akarudi alikotoka. Mmoja wao aliweka tambara chini akapiga ishara ya msalaba. Kumbe mzee alikuwa akihesabu hatua: kutoka nguzo ya kushoto hadi pale bibi harusi atakaposimama kesho. Alipomaliza, aliizungusha lenzi ya kamera yake mpaka kidole kikagusa alama aliyoikwaruza kwa kisu. Kila nusu mita ya umbali ilikuwa na mkwaruzo wake.

Tangu masika macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Watu aliwaona, nyuso hakuziona. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho na akampangia tarehe ya upasuaji, na Alois akaikunja ile karatasi akaificha chini ya godoro. Mpiga picha asiyeona! Mtaa mzima wa Shanwe, ilipo studio yake, ungecheka, hasa wale vijana wa kupiga picha kwa simu aliowabeza miaka yote kwamba hawajui hata mwanga unatoka wapi. Hapana, harusi hii ataipiga, liwalo na liwe.

Tena haikuwa harusi ya kuchezea. Emelyne, binti wa mtaa wa Misunkumilo, alipofika studio hakuulizia albamu wala fremu. Alitaka picha moja, pete ikiingia kidoleni. Bibi yake, Prisila, alikuwa amelala kitandani na hangeweza kusafiri hadi Kapalamsenga, kando ya ziwa. Picha ya harusi ya bibi huyo ilibaki ukutani Burundi walipokimbia mwaka sabini na mbili.

"Kwetu hakuna picha ya pete hata moja, mzee. Hiyo usiikose."

"Nimewahi kukosa?" Alois alijibu, na papo hapo akajichukia.

Jumamosi alikuta kwaya imejaa kwenye nguzo yake, na spika mbili zimesimama pale pale alipokusudia kusimama yeye.

"Amosi, nihamishieni hivi vitu," alimwambia katekista.

"Kwaya imetoka Ikola, mzee. Nikaipange ziwani?"

Akasukumiziwa dirishani. Jua la kiangazi lilikuwa likipiga maji na kumrudia machoni, kila kitu kikawa cheupe. Emelyne na bwana harusi wake, Nestori, walipovishana pete, Alois alikisia umbali, akabonyeza mara kumi na moja. Kisha alitazama kioo cha kamera. Aliona mawingu mawili, asijue kama ukungu uko kwenye picha au kwenye jicho lake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kazini.

Misa ikaisha, vigelegele vikatoka nje. Angeweza kunyamaza. Kadi za kamera huharibika kila siku, nani angebisha? Lakini alimwaza yule bibi akipelekewa karatasi, akiigeuza huku na huku, akitafuta mkono wa mjukuu wake. Akajipenyeza katikati ya watu.

"Emelyne, rudini ndani, wewe na bwana wako."

Walipokuwa peke yao mbele ya altare akampa kamera. "Angalia ile ya pete. Mimi sioni."

Nestori aliinama kutazama. "Ukungu mtupu. Hii ni mikono ya nani?"

Emelyne hakucheka. "Macho yamekuanza lini?"

"Masika."

"Na ukaniambia hujawahi kukosa."

"Nilikudanganya, binti yangu. Niliona aibu." "Vishaneni pete mara ya pili."

Amosi, aliyekuja kuwahimiza watoke, alishtuka. "Sakramenti hairudiwi, mzee!"

"Hatufungi ndoa upya, katekista. Tunavaa pete tu," alisema Emelyne. Hasira bado ilikuwa kwenye sauti yake. Akamgeukia Alois. "Unahitaji nini ili uipate?"

"Umbali. Umbali kamili. Hatua zangu leo siziamini."

Emelyne aliangalia pindo la veli yake sakafuni. Kisha akainua mikono, akachomoa veli kichwani.

"Hii nimeishona kwa cherehani yangu. Kutoka kitana cha kichwani hadi pindo ni mita mbili na nusu, sijazidisha hata unywele. Shika pindo, mzee, urudi nyuma. Kitana nakishika mimi hapa kwenye kidole."

Alois alilibana pindo kwenye kamera, akarudi nyuma taratibu. Kitambaa kililegea katikati. Amosi akaguna, akatazama mlangoni kama padri anakuja, halafu akakiinua kwa vidole viwili hadi kikanyooka.

"Simama hapo hapo!" Emelyne alisema.

Mzee alipapasa lenzi, akahesabu mikwaruzo, mitano. "Iachieni. Nestori, mvike. Polepole, kana kwamba haitaki kuingia."

Veli ilianguka sakafuni. Alois alizuia pumzi, akabonyeza mara tatu, akanyoosha mkono kuirudisha kamera kwa mwenye harusi. Nje kwaya ilikuwa ikimwita bibi harusi kwa jina. Emelyne aliinamia kioo cha kamera.

"Sema, binti yangu. Hata kama ni mbaya."

"Kuna uzi."

"Uzi?"

"Umening'inia kwenye mkono wa koti la Nestori." Ilikuwa sauti ya fundi aliyeudhika. "Koti nililolishona mimi mwenyewe, mzee, nikalikagua mara mbili."

"Uzi unauona?"

"Naona hadi fundo lake."