Taulo ya Njano

Asubuhi ile nilikuwa kwenye somo la historia, kamera nimezima kama kawaida yangu, naangalia kamba ya nguo uani badala ya mwalimu. Mtaa wetu wote wa Bankstown ulikuwa lokidauni. Mwalimu akauliza kwenye Zoom: nani ameshasikia juu ya watu waliopinga utawala wa Hitler kwa siri, nchi zao zikiwa mikononi mwa askari wake? Mimi nilikuwa namjua mmoja. Anakaa fleti ya juu yetu. Lakini kuwasha maiki, mimi? Thubutu.

Bibi Hanneke alinihadithia kwenye ngazi, kabla ya korona. Kule Uholanzi, yeye akiwa msichana kama mimi, kaka yake alikuwa anawapelekea Wayahudi waliofichwa kadi za chakula. Kwao alama ilikuwa taulo. Ikiwa kwenye kamba: ingia, nyumbani ni salama. Kamba tupu: pita. Siku moja mvua ikaja, jirani akaianua, akaikunja vizuri kabisa. Kaka akaona kamba tupu, akapita. Askari wakamkamata darajani.

"Jirani mlimwambia nini?" nilimuuliza.

"Asante. Ilikuwa siri, mtoto. Tungesema nini kingine?"

Lokidauni ilipoanza, kutembeleana kukakatazwa. Kwenye simu sauti hainitoki, yeye analijua hilo. Akasema, basi tutafanya kama zamani. Kila asubuhi anatundika taulo ya njano, najua ameamka salama. Jioni anaianua. Haijawahi kulala nje.

Asubuhi ile kamba ilikuwa tupu.

Mama akaingia, anatoka shifti ya usiku kule Villawood, barakoa iko kidevuni.

"Bénie, nimetosha nguo zote ku kamba. Mvua inakuya."

"Na ile ya bibi wa juu?"

"Yeye si jirani? Niiache nje peke yake?"

Taulo ilikuwa kwenye kiti. Nikacheka peke yangu. Nikaichukua nikamwachie mlangoni, kumbe nzito. Imelowa chapachapa, baridi kama samaki.

"Maman, mvua imeshaanza?"

"Bado. Ilinyesha usiku."

Ilikuwa taulo ya jana, imelala nje.

Zoom niliiacha inaongea. Nilipanda ngazi, nikagonga mlango, nikagonga tena. Mimi ambaye darasani hata kuitika jina naandika, nililiita jina lake mpaka watu wa chini wakafungua milango. Mama akapiga simu. Watu wa ambulensi wakaja wamevaa plastiki mwili mzima, wakavunja kufuli. Alikuwa chini, karibu na bafu. Anapumua.

Wakati wanamshusha, nikamwekea simu yake ndani ya blanketi. Akaiona taulo begani kwangu.

"Nani ameianua?" Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Mama. Aliogopa mvua."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Mwambie asante," akasema. "Safari hii ni ya kweli."

Hospitali hawapokei wageni. Mama aliifua ile taulo, akaipiga pasi kabisa, kama ya harusi. Leo jioni nimeitundika katikati ya kamba, nikamwambia hata inyeshe vipi asiiguse.

Sasa wote wamelala. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, mwisho nimetuma: Bibi, taulo iko nje. Ingia.

Tiki moja, ya kijivu; bado haijamfikia. Nje mvua imeanza.