Karamu ya Arusi ya Panya

Kila mwaka mpya, jioni ya siku ya tatu, Giok-lan alizima taa mapema na kuacha mchele na chumvi kwenye pembe za jiko. Ndiyo siku ambayo panya huwaoza binti zao, na ukiwaharibia arusi watakuharibia mwaka mzima. Mwanawe Bun-hiong, aliyekuja likizo kutoka mjini, aliona hapo ndipo pa kuwamaliza. Kimyakimya akachanganya sumu kwenye mchele wa karamu.

Siku chache baadaye, alasiri, mama alimkuta panya akipepesuka uani.

"Umewapa nini hawa?"

"Dawa kidogo. Si wanakumalizia figili zako, mama?"

"Na yule je?"

Alimwonyesha mti wa longani nyuma ya jiko. Shimoni mwa shina, bundi jike alikuwa amefunika makinda yake, na dume ndiye aliyewalisha wote. Majirani walimwita nuksi. Giok-lan alimpenda waziwazi: anavyoruka bila kusikika, anavyopeleka windo kwa mkewe kabla hajaonja mwenyewe.

"Panya mwenye sumu ndiye rahisi kukamata," mama alisema. "Bundi akimla, amekwisha, na watoto wake vilevile. Shika ufagio."

Wakapekua nyuma ya mitungi na chini ya kuni, wakaokota panya wafu na waliolegea, wakawafukia. Jua lilipozama dume akatua ukutani. Papo hapo panya mmoja akajikokota kutoka bandani mwa kuku.

Bundi akashuka. Bun-hiong akajitupa kifudifudi, akamfunika panya kwa kofia. Kucha zikamchana mkono. Alipoinua uso, macho makubwa ya rangi ya chungwa yalikuwa yakimkodolea kutoka ukutani.

"Mama, sijawahi kuona kiumbe mzuri hivi."

"Na yeye hajawahi kuona mpumbavu hivi. Umemnyang'anya chakula cha mkewe."

Mama akachinja kuku, akapanga vipande vibichi ukutani. Wakarudi nyuma, wakangoja. Dume alisitasita, kisha akachukua kipande na kukipeleka moja kwa moja shimoni. Bun-hiong alitokwa na machozi, wala hakuyaficha.

Akafunga mkono kitambaa, akampigia bosi wake.

"Nitachelewa kurudi, bosi. Kuna mzazi hapa nyumbani, na chakula chake nimekiharibu mimi."