Makofi Dirishani

Mwaka ule wa Korona, wageni walipozuiwa kuingia nyumba ya wazee pale Merrylands, huku ughaibuni, nilimwona mke wangu Kyakimwa kupitia dirisha tu. Siku moja alikuwa amekataa kula tangu jana yake. Gloire, mtunzaji wake, binti wa kwetu Bukavu, alinipigia simu kutoka ndani, akaiweka kwenye spika.

"Kula, mama," nilisema.

"Wewe nani?"

"Mumeo, Mirindi."

"Mume wangu yuko kazini. Leo tunamchezea Rais."

Ujana wake aliumalizia katika kundi la ngoma la Chama. Enzi zile kila mtoto wa Zaire alizaliwa mwanachama, na viwanja vilijaa kwa amri. Mimi sikuwahi kumpigia Rais yule makofi. Nilifukuzwa ukarani kwa hilo, nikaanza upya kwa masomo ya usiku. Baadaye Chama kikaanguka, wakubwa wakakimbia, ofisi yake mtaani kwetu ikageuka duka la mitumba.

"Chama kilikufa zamani, mama."

Aligeuka kuutazama mlango kwa hofu. "Nyamaza, mwananchi!" alisema, kama tulivyolazimishwa kuitana enzi zile. "Watatusikia." Akaisukuma sahani.

"Papa, mpigie tu makofi," Gloire alisema. "Akiona unapiga, hataogopa."

"Sikupiga hata walipotaka kunifunga."

"Najua, Papa. Lakini hajala."

Niliweka simu ukingoni mwa dirisha, nikapiga. Kyakimwa akashika kijiko.

"Kwa nguvu," alisema. "Wanakuangalia."

Nilipopunguza, alikiweka chini. Nikaendelea kupiga.